Mtu aliyemwaga maji mbele ya sanamu

Ukutani mwa kaburi la Djehutihotep, huko Deir el-Bersha katika Misri ya kati, amechorwa mtu anayemimina kitu kutoka mtungini. Hatulijui jina lake. Amesimama miguuni pa sanamu kubwa iliyofungwa kwa kamba juu ya sleji, yaani jukwaa zito la mbao lisilo na magurudumu, na anachokimimina kinaanguka chini mbele kabisa ya mbao hizo. Mbele yake wapo wanaume 172 katika safu nne, wameshika kamba, miili imeinama kwa uzito wa kuvuta. Magotini mwa sanamu yupo mwingine anayepiga makofi, kama mwimbishaji anayewapa mwendo watu wanaolivuta jahazi nchi kavu. Chini wanapita watu watatu wenye mitungi ya mzegazega, na wengine watatu wamebeba gogo lililochongwa meno.

Djehutihotep alikuwa liwali wa Jimbo la Sungura wakati wa nasaba ya 12, karne ya 19 kabla ya Kristo. Sanamu ilikuwa yake mwenyewe. Maandishi ya ukutani yanasema ilikuwa na urefu wa dhiraa 13, karibu mita 7, na kwamba jiwe lake lilitoka machimbo ya alabasta ya Hatnub, jangwani mashariki ya Mto Nile. Wataalamu wanakadiria ilikuwa na uzito wa tani 58. Sanamu yenyewe haijapatikana. Kilichobaki ni picha, na ndani ya picha hiyo swali moja: yule mtu alikuwa anamwaga maji kwa sababu gani?

Jibu lililozoeleka kwa muda mrefu miongoni mwa wataalamu wa Misri ya kale lilikuwa la ibada: anaitakasa njia. Lina sababu zake. Katika picha hiyohiyo yupo mtu anayefukiza ubani kuielekea sanamu, na kwa Wamisri wale sanamu ya mkubwa haikuwa jiwe tupu. Wahandisi waliokuwa wakiandika historia ya elimu ya msuguano walikwisha kumtazama kwa jicho jingine, wakamhesabu kuwa mtu wa kwanza kuchorwa akitia kilainishi. Lakini hoja yao ilisimama juu ya makisio. Hakuna aliyechukua mchanga, akaumwagia maji, akapima.

Mwaka 2014 wakapima. Kikundi cha wanafizikia kilichoongozwa na Daniel Bonn wa Chuo Kikuu cha Amsterdam kilichapisha utafiti wake katika jarida la Physical Review Letters. Vifaa vilikuwa vichache kuliko mtu anavyotarajia kwa habari iliyozunguka dunia nzima: trei ya mchanga, sleji ndogo ya maabara, na mtambo wa kupima nguvu inayohitajika kuivuta pamoja na ugumu wa mchanga wenyewe. Walianza na mchanga mkavu. Sleji ilipovutwa, pua yake ilizama kidogo na mchanga ukarundikana mbele, ikawa kila hatua mvutaji anausukuma mlima mdogo kabla ya kuusogeza mzigo. Wakaongeza maji kidogo kidogo. Rundo likapungua, kisha likatoweka. Mchanga uliolowa kwa kipimo sahihi ulikuwa na ugumu karibu mara mbili ya ule mkavu, na nguvu ya kuvuta ilipungua hadi kufikia nusu. Walipozidisha maji, faida ikaanza kupotea na msuguano ukapanda tena. Kipimo kizuri kiliangukia kati ya asilimia 2 na 5 ya ujazo wa mchanga.

Kwa hesabu ya mikono, eneo la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 10 lina lita 100 za mchanga. Asilimia 2 hadi 5 yake ni lita 2 mpaka 5 za maji. Ni kiasi ambacho mtu mmoja mwenye mtungi anaweza kukimwaga huku anatembea.

Magazeti yalipokea habari hiyo kwa kishindo. Siri ya piramidi imefumbuliwa, yaliandika, na mengine yakasherehekea kana kwamba kitendawili cha miaka elfu nne kimeteguliwa kwa trei moja. Naiheshimu sana kazi ya Bonn na wenzake, na kwa sababu hiyohiyo nadhani haikutendewa haki. Ilibebeshwa jambo ambalo haikulisema, na lile ililolisema, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, likapita bila kutazamwa. Ilitufanya tumchukulie yule mwenye mtungi kuwa fundi. Mtu anayejua ni kiasi gani, na amwage mahali gani, na wakati gani.

Kabla ya kurudi Misri inafaa tujue wanafizikia hawa walitoka wapi, maana hawakutoka kwenye makaburi. Walitoka kwenye nyumba za mchanga za watoto.

Nasema bila kutia chumvi. Mwaka 1997 kundi la wanafizikia, wakiwemo Albert-László Barabási na Peter Schiffer, walichapisha katika jarida la Nature makala fupi iliyouliza ni kitu gani kinachoyafanya majumba ya mchanga yasimame. Walionyesha kwamba tabaka jembamba mno la kimiminika juu ya punje linatosha kubadili kabisa mwinuko ambao lundo linaweza kuubeba kabla ya kuporomoka. Mwaka uliofuata Thomas Halsey na Alex Levine wakachapisha uchambuzi wa jinsi majumba hayo yanavyoanguka. Mwaka 2012 Bonn mwenyewe, na wenzake, wakatoa utafiti juu ya namna ya kujenga jumba la mchanga lililo imara kuliko yote. Waligundua kwamba nguzo ya mchanga mbichi inapata uimara wake wa juu kwa maji machache sana, karibu asilimia 1 ya ujazo, na kwamba kimo inachoweza kufikia hakiongezeki sawasawa na upana wa tako lake. Ukiongeza nusu kipenyo cha tako mara nane, kimo kinaongezeka mara nne tu. Kila mtoto aliyewahi kuona mnara wake mwembamba ukikatika katikati amekutana na kanuni hiyo.

Mchezo wenyewe unajulikana pwani yetu yote. Mtoto anauzika mguu wake kwenye mchanga mbichi, anaupigapiga kwa viganja mpaka ushikane, kisha anauchomoa mguu polepole. Ukimkuta ameketi pale maji yalipofika asubuhi na kurudi, shimo linabaki wazi, paa limesimama. Akisogea juu, kwenye mchanga mkavu, paa linamwagika palepale mguu unapotoka. Akisogea chini, mawimbi yanapomgusa, linayeyuka kuwa uji. Hakuna aliyemfundisha. Anahama hatua mbili huku, hatua tatu kule, mpaka apate mahali panapofaa, na hapo ndipo anapoanza ujenzi wake wa kweli. Ametafuta kipimo sahihi cha maji kwa makalio na viganja.

Kinachotendeka ndani ya mchanga huo kinaelezeka. Punje mbili zinapogusana na kuwa na maji kidogo katikati, maji hayo hujikusanya kwenye kona ya mgusano na kufanya daraja dogo. Uso wa maji daima unajivuta kupunguza eneo lake, ndiyo sababu tone linaviringika, na mvuto huo unazibana punje mbili pamoja. Daraja moja lina nguvu ndogo mno. Lakini kwenye kiganja kimoja cha mchanga yapo madaraja yasiyohesabika, na kila punje imeshikwa na jirani zake pande zote. Ukizidisha maji, madaraja yanaungana, nafasi zote zinajaa, uso unaojivuta unatoweka, na punje zinaelea badala ya kubanana. Kwa hiyo mchanga mkavu na mchanga uliozama vinafanana kwa udhaifu, ingawa sababu zao ni mbalimbali.

Maji hayo hayahitaji hata kumwagwa. Hewa yenye unyevu inaweza kuweka vijidaraja kati ya punje, kwa sababu mvuke hugeuka maji kwa wepesi zaidi ndani ya mianya myembamba. Kanuni ya jambo hilo iliandikwa mwaka 1871 na William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, na mwaka 2020 kikundi cha Andre Geim wa Manchester, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2010, kiliipima ndani ya mianya yenye upana wa atomi chache. Habari hiyo nayo ilielezwa kwa umma kwa mfano wa majumba ya mchanga.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa kuwa kila utafiti wa aina hii unapotangazwa, wapo wanaouliza fedha za umma zinatafuta nini kwenye michezo ya watoto. Swali ni halali, ila jibu lipo wazi kwa anayelitaka. Saruji, lami, makaa ya mawe, mahindi ndani ya ghala, mbolea, vidonge kiwandani, udongo wa mlima baada ya mvua: vyote ni punje, na vingi vina unyevu. Mlima unaoporomoka juu ya nyumba za watu umepita mahali ambapo maji yalikuwa yanaushika na kufika mahali ambapo maji yanauachia. Fizikia ya kimiminika tunaifahamu vizuri, ya kitu kigumu pia. Fizikia ya punje bado ina mapengo makubwa, na mtoto ufukweni anacheza katikati ya pengo mojawapo.

Sasa turudi Deir el-Bersha, kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana na vichwa vya habari.

Juu ya picha ya sanamu kuna maandishi marefu, na yanasema jambo ambalo habari nyingi za mwaka 2014 hazikuligusa. Djehutihotep anaeleza kwamba njia iliyopitishwa sanamu ilikuwa ngumu kupita kiasi, na kuvuta kitu kizito juu yake kuliwachosha watu mioyo, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa mwamba mgumu. Ndipo akaagiza vijana waje kuitengenezea sanamu barabara, pamoja na zamu za wachimbaji na wakata mawe. Ardhi ya picha hii, kwa maneno ya mwenye picha, ilikuwa mwamba. Kisha juu ya mwamba ikawekwa barabara.

Barabara ya namna gani, maandishi hayasemi. Lakini tunazo barabara nyingine za zama hizohizo. Huko Lisht, kwenye piramidi ya Senusret I wa nasaba hiyohiyo ya 12, wachimbuzi walikuta njia za kuvutia mizigo zilizotengenezwa kwa magogo yaliyolazwa na kuzikwa ndani ya udongo na vifusi vya mawe. Njia kama hizo zikipakwa udongo wa mfinyanzi au tope la Nile, kisha zikaloweshwa kidogo juu, zinateleza. Fizikia yake inafanana na ya mchanga katika jambo moja tu, kwamba kipimo cha maji ndicho kinachoamua. Kwingine zinatofautiana. Mchanga unahitaji maji ili uwe mgumu na sleji isizame. Udongo wa mfinyanzi uliogongwa tayari ni mgumu. Unahitaji maji juu tu ili uso wake uwe utelezi.

Hesabu nayo inaelekea upande huohuo. Gawanya tani 58 kwa watu 172, kila mmoja anapata kilo 337. Tuchukulie kwamba kuvuta mzigo juu ya mchanga uliolowa vizuri kunahitaji nguvu ya theluthi moja ya uzito wake. Hapo kila mtu anatakiwa avute nguvu ya zaidi ya kilo 110, tena bila kuhesabu uzito wa sleji yenyewe, hatua kwa hatua, kutwa nzima, juani. Watu wenye nguvu wanaweza kufanya hivyo kwa mshtuko mmoja wa kuing'oa sleji mahali pake. Kuendelea hivyo kwa kilomita kadhaa ni jambo jingine. Ama wachoraji hawakuchora watu wote waliovuta, na hilo linawezekana kabisa, ama uso wa barabara ulikuwa mtelezi kuliko mchanga wowote.

Liko pia suala la maji yenyewe. Chukua barabara ya upana wa mita 2. Kilomita moja yake ni mita za mraba 2,000, na kwa kipimo cha lita 2 mpaka 5 kwa kila mita ya mraba unahitaji kati ya lita 4,000 na 10,000 kwa kilomita, katika jangwa ambako jua linayarudisha maji hewani karibu kwa kasi uliyoyamwaga. Inawezekana, ila ni kazi ya kijiji kizima cha wachota maji. Kwa uso wa udongo unaohitaji kuloweshwa juujuu mbele ya sleji tu, maji yanayotakiwa ni machache mno, na wale watatu wa mzegazega wanaanza kueleweka kama kikosi kinachotosha.

Kwa sababu hizi nadhani utafiti wa Amsterdam ulieleza kwa usahihi jinsi mchanga mbichi unavyopokea mzigo, na huenda ulieleza sehemu nyingi za Misri ambako mawe yalivutwa juu ya mchanga wa kweli. Haukuieleza picha ya Djehutihotep yenyewe, angalau si moja kwa moja. Na piramidi za Giza, zilizotangulia picha hiyo kwa takriban miaka 700, ni habari nyingine yenye ushahidi wake.

Ushahidi huo umeongezeka ajabu katika miaka ya karibuni, na inasikitisha kwamba wengi bado hawajausikia. Mwaka 2013 kikosi cha Pierre Tallet kilipata huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mafunjo yaliyoandikwa wakati wa Firauni Khufu, mwenye piramidi kubwa ya Giza, mafunjo yenye maandishi ya zamani kuliko yote yaliyowahi kupatikana. Baadhi yake ni daftari la kazi la msimamizi aitwaye Merer, aliyekuwa na kikosi cha watu wapatao 40. Siku baada ya siku anaandika: leo tumepakia mawe kwenye machimbo ya Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Mawe yake yalikuwa chokaa nyeupe ya kuifunika piramidi kwa nje, na yalisafiri kwa mashua kupitia mto na mifereji. Anamtaja mkubwa wake, Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa baba. Mwaka 2018 kikosi cha Ufaransa na Uingereza, chini ya Yannis Gourdon na Roland Enmarch, kikatangaza kwamba kilikuta Hatnub, machimbo yaleyale yaliyotoa jiwe la Djehutihotep, njia ya mteremko mkali yenye ngazi pande zote mbili na mashimo ya kusimikia nguzo nene, ya wakati wa Khufu. Inaelekea kamba zilizungushwa kwenye nguzo hizo ili wavutaji walio juu na walio chini wasaidiane. Na Giza kwenyewe wachimbuzi Mark Lehner na Zahi Hawass wameonyesha kwa miongo mitatu mahali wajenzi walipolala, tanuri zao za mikate, na makaburi yao.

Pamoja na hayo yote, mwaka 2020 tajiri mmoja mkubwa wa Marekani, Elon Musk, aliwaandikia mamilioni ya wafuasi wake kwamba piramidi zilijengwa na viumbe kutoka anga za juu. Waziri wa Misri, Rania al-Mashat, alimjibu kwa kumwalika aje ayaone makaburi ya wajenzi.

Lililonigusa katika jibu la waziri ni kwamba alielekeza kwenye makaburi ya vibarua. Kwa sababu dharau ya viumbe wa anga na ile ya kusema kila kitu cha kale ni tambiko zinatoka chungu kimoja, japo ya pili inavaa joho la kisomi. Zote zinaanzia kwenye shaka kwamba mtu mwenye mtungi, asiyejulikana jina, anaweza kuwa na elimu. Bara letu limeteswa na shaka hiyo kwa muda mrefu. Mfua chuma akifukuta kwa nyimbo, imeandikwa ni mganga. Mwonekano wa tambiko unafunika hesabu ya moto na hewa iliyomo ndani yake. Wala sidai kwamba hakukuwa na ibada. Yawezekana yule mtu alinuia kutakasa na kulainisha kwa mtungi mmoja, na angeshangaa tukimtaka achague. Ninachokikataa ni kuishia kwenye ibada, kana kwamba ukishasema neno hilo hakuna tena cha kupima.

Elimu ya kipimo cha maji waliipata wapi? Hapa nina kitu cha kuonyesha, ingawa nitakisema kwa uangalifu. Mwaka 1889 mchimbuzi Mwingereza Flinders Petrie alianza kuchimba mji wa Kahun, karibu na piramidi ya Senusret II huko Lahun, mji waliokaa watu waliohusika na piramidi hiyo na ibada zake. Ni nasaba ya 12 tena, zama za Djehutihotep mwenyewe. Ndani ya nyumba alikuta mipira ya ngozi, pia za mbao za kuzungusha, na vinyago vidogo vya udongo vilivyofinyangwa kwa mkono, wakiwemo wanyama. Baadhi vimefinyangwa kwa namna ambayo mzazi yeyote anaitambua: ni kazi za vidole vidogo. Katika mji huohuo alikuta kalibu ya mbao ya kufyatulia matofali. Nayo piramidi ya Senusret II, tofauti na ya Khufu, kiini chake kimejengwa kwa matofali ya udongo.

Weka vitu hivyo pamoja. Mtaa mmoja, baba anafyatua matofali, mtoto anafinyanga kiboko kwa tope lilelile. Tope likiwa na maji machache, kiboko kinapasuka kikikauka na tofali pia. Likizidiwa, kiboko kinalala na tofali linatoka kwenye kalibu likiwa limepinda. Sisemi kwamba watoto waliwafundisha wakubwa kujenga piramidi. Nasema kwamba mtu anayefikia umri wa kushika kalibu akiwa amechezea tope miaka kumi hahitaji kuelezwa kipimo. Anakijua kwa kiganja, na akisimama mbele ya sleji yenye tani 58 akiwa na mtungi mkononi, anajua amimine kwa kasi gani.

Kwa hili nina ugomvi na namna tunavyowalea watoto wa mijini siku hizi, Dar es Salaam na Nairobi kwa pamoja. Mtoto wa miaka minne anapewa kazi ya nyumbani ya kuandika, na mzazi anailaumu shule ya awali ikimrudisha na mchanga kwenye nguo. Uwanja wa shule umewekwa vigae kwa sababu vigae vinaonekana vizuri kwenye tangazo. Mwalimu wa awali anayejua kazi yake atakwambia kwamba saa moja ya maji na mchanga ina kupima, kulinganisha, kubashiri, kukosea na kurudia, mambo yaleyale ambayo baadaye tutamwomba ayafanye kwenye maabara ya kidato cha pili, ambayo mara nyingi haina vifaa. Mchanga tunao. Hauna gharama ya kuagiza ng'ambo.

Katika maandishi ya Djehutihotep kuna mstari unaoeleza siku ile ya kuvuta. Watu wa jimbo lote walikuja, anasema, na mzee aliyejikongoja alimwegemea mtoto. Wataalamu husoma mstari huo kama sifa za kawaida za mkubwa anayejisifia kupendwa na watu wake, na labda ndivyo ulivyo. Lakini watoto walikuwepo, kwa ushahidi wa mwenye kaburi, na barabara ilitengenezwa na vijana.

Kinachokosekana sasa ni jaribio. Trei ya Amsterdam ilikuwa na mchanga. Deir el-Bersha ilikuwa na mwamba uliofunikwa barabara. Sleji halisi ya zama hizo, yenye urefu wa zaidi ya mita 4, ilipatikana Dahshur na vipimo vyake vinajulikana. Udongo wa Nile upo. Mwamba wa njia ya Hatnub upo palepale. Wanafizikia na wachimbuzi wa vyuo vya Misri wana kila kinachohitajika kulaza mita 50 za barabara hiyo kwa magogo na tope, kuweka jiwe la tani chache juu ya sleji, na kupima nguvu ya kuvuta kwa uso mkavu, uliolowa kidogo, na uliolowa kupita kiasi, kisha kulinganisha na watu 172. Wakati huo tutajua kama barabara ile iliwatosha, au kama mchoraji aliacha watu wengine nje ya ukuta.